Likizo ya Kikundi kwa Treni za Mvuke Kaskazini mwa Wales

Reli nyembamba za kaskazini mwa Wales zilijengwa kwa ajili ya mawe. Katika karne ya 19 milima ya eneo hilo ilichimbwa sleti, jiwe la kijivu linalopasuka mabamba membamba, lililoezeka nyumba za miji mingi ya Ulaya na Marekani na kutengenezewa vibao vya kuandikia vya watoto wa shule. Machimbo yalikuwa juu milimani na meli zilisubiri pwani, kwa hiyo zikatandazwa reli zenye upana wa sentimita 60 hivi, zinazoweza kupinda kwenye kona kali ambazo reli za kawaida zisingeziweza. Biashara ya sleti ilipodorora katika karne ya 20, reli hizo zilififia, na kadhaa zikafungwa kabisa. Baadaye zilifufuliwa, kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, na leo injini za mvuke zinabeba wageni kwenye njia zilezile. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza mandhari ya sleti ya kaskazini-magharibi mwa Wales katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na sehemu za reli hizo zimo.

Kwa kikundi cha marafiki, ndugu, wanachama wa chama au waumini wa usharika mmoja, eneo hili lina faida ambayo ni nadra kuipata kwingine: reli kadhaa za aina tofauti, ngome za kale, migodi, mlima mrefu na pwani, vyote katika mwendo wa saa moja au mbili kutoka mji mmoja. Hatari ya wingi huo ni kutaka kuvimaliza vyote kwa pupa. Kanuni inayofaa ni reli moja kwa siku, pamoja na vivutio vilivyo kwenye njia yake. Anayepanda treni na kisha kuona mgodi ambako mzigo wake ulitoka, na bandari ulikopakiwa, huelewa kwa nini kuna kona pale, handaki hapa na stesheni kubwa katika mji mdogo.

Majira na ratiba

Nyingi za reli hizi hufanya kazi kuanzia karibu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Wakati wa baridi treni ni chache, na siku nyingine hakuna kabisa. Kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti shule za Uingereza hufungwa, familia hujaa kwenye mabehewa na bei za malazi hupanda. Kwa kikundi kisicho na wanafunzi, miezi bora ni Mei, Juni na Septemba. Katikati ya Juni jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo hata baada ya treni ya alasiri hubaki saa nyingi za mwanga za kutembea. Kwa Waislamu, nafasi kati ya Adhuhuri na Alasiri wakati huo ni ndefu na swala ya Adhuhuri haigongani na safari, lakini Magharibi na Isha huchelewa mno, jambo linalopaswa kuzingatiwa kabla ya kupanga kuamka mapema.

Mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, kwani milima hiyo ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Uingereza. Mpango mzuri ni ule ambao mvua haiuvunji. Treni nyingi zina mabehewa yaliyofunikwa, na migodi, ngome na makumbusho huweza kutembelewa siku ya manyunyu. Siku ya mlima pekee ndiyo inayohitaji hali ya hewa ya heri.

Kabla ya kulipia malazi, kiongozi wa msafara azilinganishe kalenda za reli zote zinazokusudiwa. Reli za urithi mara nyingi hazina ratiba moja ya kila siku. Kalenda hupakwa rangi, na kila rangi ina ratiba yake: siku moja treni tano, nyingine mbili, nyingine hakuna. Ni lazima pia kuangalia kama treni inayotakiwa inavutwa na injini ya mvuke au ya dizeli. Reli kadhaa hutumia zote mbili, na wakati wa ukame dizeli huweza kushika zamu ya mvuke ili cheche zisiwashe moto kwenye misitu na nyasi.

Idadi, usafiri na fedha

Kikundi cha watu wanane hadi kumi na sita huenda vizuri. Kikizidi hapo, kupata viti vya pamoja kwenye behewa dogo na meza moja kwenye mkahawa wa kijijini huwa kazi. Gari dogo lenye viti visivyozidi vinane vya abiria huendeshwa kwa leseni ya kawaida, na mgeni mwenye leseni ya nje anaruhusiwa kuendesha gari la aina hiyo Uingereza kwa miezi 12. Basi dogo lenye viti zaidi huhitaji leseni ya daraja jingine, na kwa wengi ni nafuu kulikodi pamoja na dereva kwa siku mbili tatu zinazolihitaji. Siku nyingine zinatosheka na treni za kawaida na mabasi ya umma.

Wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo wanahitaji viza ya mgeni ya Uingereza. Wales haina viza yake. Maombi hupokelewa hadi miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu. Raia wa Oman na nchi nyingine za Ghuba huombea kibali cha kusafiri cha kielektroniki. Pale ambapo baadhi ya wanakikundi wanaishi Uingereza na wengine wanatoka nje, tiketi zisizorudishiwa pesa zisinunuliwe mpaka viza zote zitoke.

Fedha ziwe mikononi mwa mweka hazina mmoja, na michango ikusanywe kwa awamu tatu: ya malazi, ya tiketi za reli na viingilio, na ya chakula na dharura. Reli nyingi hupunguza nauli kwa vikundi vinavyokata tiketi mapema, na reli nyembamba za Wales zina kadi ya pamoja inayompa mwenye nayo punguzo katika kila moja. Nauli hata hivyo si za chini, na sababu zake zinafahamika. Injini hula makaa ya mawe kwa tani, na tangu mgodi wa wazi wa Ffos-y-fran, kusini mwa Wales, ulipofungwa mwaka 2023, reli za urithi hulazimika kutegemea makaa kutoka nje. Boila nayo hufumuliwa na kukaguliwa kila baada ya miaka kadhaa, kazi ya mafundi wachache wenye ujuzi adimu.

Mji wa kukaa

Porthmadog ndio makao yanayofaa zaidi. Reli mbili za mvuke, ya Ffestiniog na ya Welsh Highland, zinakutana katika stesheni moja kando ya bandari yake, na mji una stesheni ya reli ya kawaida inayofuata pwani. Ni mji mdogo wenye maduka, mikahawa na nyumba za kupangisha, na mtu anaweza kutoka kitandani hadi kwenye treni kwa miguu. Kwa kikundi, nyumba nzima yenye jiko ni bora kuliko vyumba vya hoteli. Hupunguza gharama, huruhusu watu kupika wanachokipenda, na huwapa wote sebule ya kukaa jioni. Chakula halali ni shida kukipata katika miji midogo ya huko; wanaokihitaji wanunue nyama katika jiji kubwa kama Manchester, Liverpool au Birmingham njiani, na wanapokula nje wategemee samaki na vyakula visivyo na nyama.

Siku ya Ffestiniog

Kampuni ya reli ya Ffestiniog iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1832, na ndiyo kampuni kongwe zaidi ya reli duniani ambayo bado ipo. Njia yake ilifunguliwa mwaka 1836, kutoka Porthmadog hadi Blaenau Ffestiniog, karibu kilomita 22, na ilipimwa iteremke mfululizo kutoka milimani hadi baharini. Mabehewa yaliyojaa sleti yalishuka yenyewe kwa uzito wake, wanaume wachache wakiwa juu yake kushika breki. Farasi waliyavuta matupu kurudi juu, na wakati wa kushuka farasi nao walipanda behewa lao na kula majani njiani. Injini za mvuke zilianza kazi mwaka 1863, lakini treni za kuteremka kwa uzito ziliendelea hadi mwaka 1939.

Injini ya kutazamwa kwa makini ni Fairlie yenye vichwa viwili. Kwa mbali huonekana kama injini mbili zilizounganishwa kisogo kwa kisogo. Ina boila yenye pande mbili zinazokutana katikati penye tanuru, na mabogi mawili ya magurudumu yanayogeuka kila moja kivyake kwenye kona. Dereva husimama upande mmoja wa tanuru na mchochea moto upande mwingine, nafasi ni finyu, na makaa hutiwa kwa ubavuni. Wanakikundi wafike stesheni nusu saa kabla ya kuondoka wakaione ikijazwa maji, kwani ikishafungwa kwenye mabehewa na filimbi ikapigwa, nafasi ya kuizunguka imepita.

Kwenda juu, upande wa kulia wa behewa ndio wenye mandhari ya bonde. Treni huanza kwa kupita juu ya tuta refu liitwalo Cob, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 kuzuia bahari, kisha huingia msituni na kupumzika Tan-y-Bwlch, ambako kuna mkahawa. Karibu na Dduallt reli hujizungusha na kupita juu ya njia yake yenyewe. Mzunguko huo ni kazi ya wajitolea. Bwawa la umeme la Tanygrisiau lilikuwa limefunika sehemu ya njia ya zamani, nao wakajenga njia mpya juu zaidi, sehemu kubwa kwa mikono, hadi treni zikafika tena Blaenau mwaka 1982.

Blaenau Ffestiniog umezungukwa na milima ya vifusi vya sleti, na hapo kikundi kiende mgodi wa Llechwedd. Wageni hushushwa chini ya ardhi kwa kigari cha reli yenye mteremko mkali, wakiwa na kofia ngumu, na kupitishwa katika mapango ambayo wachimbaji waliyachonga kwa mwanga wa mishumaa. Chini ni baridi mwaka mzima, kwa hiyo sweta ni lazima hata Julai. Wakati sleti inapopasuliwa mbele ya wageni, fundi huweka patasi pana kwenye ukingo wa bonge, hugonga polepole kwa nyundo ya mti, na jiwe hufunguka lenyewe kwa mstari ulionyooka. Wachimbaji wengi walikufa kwa vumbi la kazi hiyo, na ziara hulisema hilo waziwazi. Watoto wakubwa wasiachwe nje ya sehemu hii.

Siku ya Welsh Highland

Reli hii inatoka Porthmadog hadi Caernarfon, kilomita 40, na ndiyo reli ndefu zaidi ya urithi Uingereza. Ilikuwa imekufa tangu miaka ya 1930 na vyuma vyake vya njia viling'olewa. Ilijengwa upya kwa vipande na kukamilika mwaka 2011. Safari ya upande mmoja huzidi saa mbili. Hupita katikati ya barabara mjini Porthmadog, huingia mahandaki mafupi ya korongo la Aberglaslyn, hugusa kijiji cha Beddgelert, kisha hupanda kwa kona za kujikunja kwenye mabega ya Yr Wyddfa, mlima uitwao Snowdon kwa Kiingereza.

Wasomaji wa Afrika Mashariki watazitambua injini zake. Ni Garratt, aina yenye boila moja kubwa iliyoning'inizwa katikati ya mabogi mawili, tangi la maji likiwa mbele. Zile kubwa zinazofanya kazi hapa zilitumika Afrika Kusini kabla ya kuletwa Wales, na kadhaa ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester. Kiwanda hichohicho ndicho kilichounda Garratt 34 za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, zilizopewa majina ya milima na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Mojawapo, Mount Gelai, yenye jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kikundi kinachoanzia safari Nairobi kingefaidika kuitembelea kwanza, kwani mtu aliyesimama kando ya Garratt iliyozimwa huielewa zaidi anapoiona nyingine ikipumua. K1, Garratt ya kwanza duniani, iliyoundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, nayo imewahi kufanya kazi kwenye reli ya Welsh Highland.

Kwenda na kurudi kwa treni siku moja huacha muda mfupi Caernarfon, na ngome ya mji huo haitazamwi kwa haraka. Ilianzishwa mwaka 1283 na mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza baada ya kuiteka Wales ya kaskazini, na pamoja na ngome za Conwy, Harlech na Beaumaris iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1986. Njia nzuri ni kwenda kwa treni ya asubuhi, kutumia alasiri ndani ya ngome na kuta za mji, kisha kurudi kwa basi. Wenye magoti mabovu wajue kwamba minara ina ngazi za mzunguko nyembamba na zenye giza. Ua wa chini wenyewe una mengi ya kutazama.

Siku ya Talyllyn

Kusini zaidi, mjini Tywyn, ipo reli ya Talyllyn, iliyofunguliwa miaka ya 1860 kwa ajili ya mgodi wa Bryn Eglwys. Mwenye reli alipofariki mwaka 1950, ilikaribia kufa naye. Mwandishi Tom Rolt na wenzake wakaunda chama cha kuiokoa, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha. Ikawa reli ya kwanza duniani kuendeshwa na wajitolea, na reli za urithi zilizofuata katika nchi nyingi zilijifunza kwake. Injini zake mbili za mwanzo, Talyllyn na Dolgoch, zilizoundwa miaka ya 1860, bado zipo. Mchungaji Wilbert Awdry, mwandishi wa hadithi za treni ambazo watoto wanazijua kupitia injini aitwaye Thomas, alijitolea hapa, na makumbusho ya reli nyembamba yaliyo stesheni ya Tywyn yana kumbukumbu zake.

Kutoka Porthmadog, kikundi kipande treni ya kawaida ya pwani. Safari hiyo peke yake ni kivutio: ngome ya Harlech inaonekana juu ya mwamba, na huko Barmouth treni huvuka mdomo wa mto kwa daraja refu la mbao la mwaka 1867. Treni za pwani ni chache, mara nyingi moja kila baada ya saa mbili, kwa hiyo ya kurudi ichaguliwe kabla ya kuondoka. Kwenye reli ya Talyllyn, kituo cha kuteremka ni Dolgoch, ambako njia fupi huongoza hadi kwenye maporomoko ya maji. Tiketi ya siku nzima huruhusu kushuka, kutembea, na kudaka treni inayofuata.

Siku ya mlima

Reli ya Snowdon, iliyofunguliwa mwaka 1896, hupanda kutoka Llanberis hadi karibu na kilele cha Yr Wyddfa, chenye mita 1,085, mlima mrefu kuliko yote Wales. Tofauti na nyingine, hii ilijengwa kwa ajili ya watalii tangu mwanzo. Mteremko ni mkali kiasi kwamba magurudumu ya kawaida yangeteleza. Katikati ya reli kuna chuma chenye meno, na gurudumu la meno chini ya injini hujishika humo. Injini husukuma behewa lake kutoka nyuma, kwa mwendo usiozidi sana wa mtu anayekimbia polepole, na kwa sababu za usalama haifungwi nalo.

Tiketi za mvuke huisha mapema kuliko za dizeli na zikatwe wiki kadhaa kabla. Upepo ukizidi, treni huishia kituo cha chini, na baadhi ya siku haziendi kabisa. Kwa hiyo siku hii iwekwe katikati ya safari, na siku moja tupu iachwe mwishoni kama akiba. Muda wa kukaa kileleni ni mfupi, na tiketi ya kurudi ni ya treni ileile. Anayechelewa hushuka kwa miguu. Siku ya akiba isipohitajika, itumike Portmeirion, kijiji cha rangi kilichobuniwa na msanifu Clough Williams-Ellis kati ya 1925 na 1975, kilicho mwendo mfupi kutoka stesheni ya Minffordd.

Mavazi, usalama na adabu

Koti la mvua, sweta na viatu visivyoteleza vinatosha kwa sehemu kubwa ya safari. Nguo nyeupe ziachwe nyumbani, kwani masizi hutua kwenye mabega ya walio nyuma ya injini. Kichwa wala mkono visitolewe dirishani: mahandaki ya reli nyembamba yana nafasi ya inchi chache tu kati ya behewa na mwamba, na chembe ya makaa ikiingia jichoni huharibu siku nzima. Wenye pumu wakae mbali na injini na wasifungue madirisha kwenye mahandaki. Mabehewa yenye nafasi ya kiti cha magurudumu yapo, lakini ni machache na lazima yaombwe wakati wa kukata tiketi.

Mlinda treni, mkata tiketi, dereva na muuza chai mara nyingi ni wajitolea waliotoa likizo yao wenyewe. Wengi hufurahi kueleza kazi yao, hasa injini inapopumzika mwishoni mwa njia, na swali moja la heshima huzaa elimu isiyopatikana kwenye vipeperushi. Kiongozi awaombe ruhusa kabla kikundi hakijasogea karibu na injini, na watoto wawe na mtu mzima wa kuwashika mikono kwenye majukwaa, ambayo mara nyingi ni mafupi na ya chini.

Safari ikiisha, mweka hazina atoe hesabu kwa wote, na salio lirudishwe au litumiwe kwa makubaliano. Baadhi ya vikundi huamua kulitumia kujiunga na chama cha reli mojawapo. Ada ya uanachama hununua makaa na kulipia matengenezo ya boila, na ndiyo njia ya moja kwa moja ya kuhakikisha kwamba watakaosafiri baadaye watazikuta injini hizo zikifanya kazi.